Mpangaji wa mti mmoja: niliyoongea Jumamosi kuhusu likeni ya elmu

Kwa ambao hamkufika Jumamosi kwasababu ya shifti, mvua au vyote viwili, haya ndo niliyoongea pale ukumbini, hapa Edinburgh, Uskoti, kuhusu likeni, yale madoa ya kwenye magome ya miti, na mti mmoja wa huku unaoitwa elmu. Nimeyaandika yalivyotoka, vicheko nimevitoa, picha za ukutani nazo nimeziacha maana bila ile projekta ya kuazima hazisaidii kitu, na pale nilipoyumba nimenyoosha kidogo.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na ambao hamjaitikia kote kote, habari za jioni. Shkamooni wazee wangu mliokaa mbele.

Kaka MC ahsante kwa kunikaribisha, ila umenitambulisha kama mtaalamu wa mimea, na mimi sio mtaalamu, na ninachotaka kukiongelea sio mmea, kwahiyo tumeanza na makosa mawili kabla hata sijafungua mdomo. Mnanijua jamani. Nabeba boksi kama nyie, nahudumia wazee zamu za usiku, siku 4 kwa wiki. Siku ya 5 napanda basi naenda mashambani na lenzi shingoni kuangalia magome ya miti. Mume wangu yule pale, muulizeni, alidhani nina mchepuko! Akanifuata siku moja kimyakimya, akanikuta nimekumbatia mti mkubwa pembezoni mwa shamba la shayiri, pua imegusa gome, nimefumba jicho moja. Akapiga picha akaitupa kwenye grupu la familia, mama kule Muheza akajibu kwa sauti, maneno matatu tu: "Mrudisheni huyo nyumbani."

Sasa nilikuwa naangalia nini? Ndo hilo la leo.

Nyie mliokulia Muheza au popote penye michungwa, mnakumbuka yale madoa meupe, mengine ya kijivu, mengine kijani iliyopauka, kwenye magome ya michungwa? Baba alikuwa anatupa visu butu, anasema mti unaumwa, kwangueni. Tukakwangua likizo nzima. Michungwa ilikuwa haiumwi wala nini. Yale madoa ni likeni, wataalamu wa Kiswahili wanaiita kuvumwani, na jina hilo limesema kila kitu maana ni viumbe viwili ndani ya ngozi moja: kuvu na mwani. Kuvu anajenga, anashika gome, anahifadhi maji. Mwani ndo anapika, anatengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Mswisi mmoja, Simon Schwendener, alilisema hili mwaka 1867 na wenzake wengi wakamcheka, eti kiumbe kimoja kitakuwaje viwili. Leo hakuna anayebisha, na mwaka 2016 kukatoka utafiti kwamba baadhi ya likeni zina hata mgeni wa tatu ndani, kuvu wa aina ya hamira. Nyumba ya Kiswahili hiyo, ukihesabu vizuri kila siku unakuta ameongezeka mtu.

Na likeni haiunyonyi mti. Naomba nirudie kwasababu kuna watu humu wana bustani: haiunyonyi mti. Imepanga tu. Imekaa juu ya gome, inakula jua na mvua na vumbi. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa anafukuza wapangaji wasiodaiwa chochote.

Sasa kuna likeni za ndevu, zile zinaning'inia kwenye misitu ya Kilimanjaro kama ndevu za babu. Kuna za majani, unaweza kuinua ukingo kwa kucha. Na kuna za ganda. Hizi za ganda ndo ugonjwa wangu. Ya ganda imejishika kwenye gome kiasi kwamba huwezi kuibandua bila kubandua gome lenyewe, yaani ukitaka kumhamisha mpangaji itabidi uondoke na ukuta. Shikeni hilo la ukuta, nitalirudia baadaye na halitachekesha.

Ninayoifuatilia mimi inaitwa Caloplaca luteoalba, majina ya Kilatini msiyaogope, luteo ni njano na alba ni nyeupe. Aliyeipa jina hilo mwanzoni mwa karne ya 19 ni Dawson Turner, na huyu bwana alikuwa mtu wa benki kule Great Yarmouth, mashariki mwa Uingereza, mchana anahesabu pesa za watu, akitoka hapo anahangaika na mimea ya baharini na madoa ya miti. Kwahiyo nyie mnaonicheka mimi na zamu zangu za usiku, jueni kazi hii ilianza zamani na watu wa pembeni kama sisi.

Inafananaje? Ukiiona kwa mbali ni kama mtu kapiga chafya mdomo umejaa karoti. Sogea. Sogea tena, weka lenzi jichoni, sio kwenye gome, jichoni, halafu kichwa ndo kiende kwenye gome. Kwanza unaona ganda lenyewe, jembamba mno, jeupe la kijivujivu, kama chokaa iliyopakwa mkono mmoja halafu mvua ikapita. Kuna sehemu hulioni kabisa unadhani ni gome tupu. Alafu juu yake vimekaa visahani vya rangi ya chungwa, kila kimoja hakifiki milimita moja, vimebanana. Vikiwa vichanga vimekaa bapa na kaukingo kake, vikizeeka vinaumuka katikati na ukingo unapotea. Mnanisoma? Ni vitumbua. Ni vitumbua vya rangi ya chungwa kwenye kikaango cha gome, ila kitumbua kizima kinaenea kwenye kichwa cha pini. Ndani ya kila kimoja kuna vifuko, kila kifuko na spora nane, yaani chembe zake za kuzaliana kama mbegu, na kila spora ina vyumba viwili. Chumba na sebule. Hao wako vizuri kuliko wengi wetu tulipofika Edinburgh.

Na ile rangi ina kazi. Inaitwa parietini, ni kama kofia ya jua. Ukitaka kuhakikisha unadondosha tone dogo sana la potasi haidroksaidi kwenye kisahani kimoja na palepale kinageuka chekundu kama damu ya mzee, zambarau kwa mbali. Mara ya kwanza naona hivyo niliruka nikasema mbona hili nalijua! Kina mama, ukimwaga mchuzi wenye manjano kwenye kanga nyeupe halafu ukapaka sabuni ya kipande, si doa linageuka jekundu, unazidi kuchanganyikiwa unadhani umeharibu zaidi? Kemia inafanana sana na hiyo, rangi ya njano imekutana na kitu kikali cha upande wa magadi. Tumeifanya maabara hiyo kwenye makaro yetu miaka yote bila cheti.

Niwaambie pia nilivyoaibika. Mwaka wangu wa kwanza kujitolea niliona mti mzima una rangi ya chungwa, nikampigia simu mama mmoja wa Kiskoti anayetufundisha, nikampigia napiga kelele, nimeipata, ipo mti mzima! Akaendesha gari saa nzima kwenye matope. Akashuka, akatazama sekunde mbili, akaniuliza kwa upole kama nimewahi kuangalia paa la kituo cha basi ninachoshukia. Ilikuwa ile likeni ya majani ya rangi ya chungwa iliyojaa kila paa, kila ukuta na kila kitawi karibu na mashamba. Nimeenda kutafuta dhahabu nimerudi na kifuniko cha soda. Tangu siku hiyo nina kanuni moja: ikiwa nyingi sana, sio yenyewe. Na hata ikiwa chache bado ina ndugu zake wa ganda wanaofanana nayo kama pacha, wamekaa kwenye miti mingine huko, kwahiyo swali langu la kwanza silielekezi kwa likeni tena. Nauliza, huu ni mti gani?

Na hapo ndo tunafika kwenye nyumba. Mti wake ni elmu. Nasema elmu, sio elimu, ingawa na wenyewe umetusomesha. Kwanini elmu? Kwani miti imekwisha? Gome la msonobari lina tindikali nyingi, la mwaloni nalo lina tindikali, ila gome la elmu tindikali yake ni ndogo na lina chokaa ya kutosha, na likizeeka linapasuka mifereji mirefu, linanyonya maji kama sponji na kuyatoa taratibu. Likeni hii inataka hilo. Inataka na mwanga, kwahiyo katikati ya msitu mnene huikuti, inataka elmu iliyosimama peke yake pembeni ya barabara, kwenye kona ya shamba, uani kwa kanisa. Inapenda pale maji yanapotiririka kutoka kwenye panda au kidonda cha zamani cha mti. Inapenda kavumbi kiasi cha shambani. Kiasi! Mbolea ikizidi, hewa ikijaa harufu ya mikojo ya ng'ombe wa kisasa, zinakuja zile kubwa za majani na mwani wa kijani zinaifunika kama blanketi. Na inataka mti mzee. Sio wa miaka 10, mti ambao babu wa mwenye shamba aliukuta.

Sasa piga hesabu. Aina moja ya mti, tena mzee, tena uko kwenye jua, tena una kidonda, tena hapana vumbi jingi hapana vumbi kidogo. Mpangaji gani huyu? Sisi tulipofika hapa si tulipanga popote penye mlango? Ila zamani haikuwa shida kwasababu nyumba za namna hiyo zilijaa. Elmu zilikuwa kila ua na kila njia ya shamba Uingereza. Kulikuwa na nyumba milioni kadhaa zenye tangazo la "chumba kipo".

Halafu nyumba zikafa.

Mmesikia habari ya ugonjwa wa Kiholanzi wa elmu? Kwanza tuwatetee Waholanzi, haukutoka kwao. Umeitwa hivyo kwasababu waliougundua walikuwa kule, na walikuwa wanawake. Profesa Johanna Westerdijk, mwanamke wa kwanza kuwa profesa Uholanzi, mwaka 1917, aliwapa kazi hiyo wanafunzi wake. Bea Schwarz akamtambua kuvu anayeua miti mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakubwa hawakumuamini, Christine Buisman akaja kuthibitisha 1927. Yaani wao ndo waliomshika mwizi, na mpaka leo mwizi anaitwa kwa jina la kwao. Mnashangaa? Ukiwahi kuripoti kitu kazini hushangai.

Huyo kuvu hatembei mwenyewe, anabebwa na mbawakawa mdogo, ukimwona utasema ni dumuzi wa mahindi. Anataga chini ya gome la elmu inayokufa, watoto wanachimba vijia vyao humo, wakitoka wameshapakaa spora mwili mzima, wanaruka kwenda kwenye elmu nzima kula kwenye vipanda vya matawi. Kuvu anaingia kwenye mishipa ya maji. Na mti unafanya nini? Unaogopa, unaziba mishipa yake wenyewe ili asipite. Unajifungia maji. Katikati ya kiangazi miti yote kijani, elmu moja ina tawi la njano juu, kama mtu aliyeota mvi upande mmoja. Hapo imeshaisha.

Wimbi la kwanza lilipita mapema karne ya 20, likaua nyingi, nyingi zikapona. La pili ndo lililomaliza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 magogo ya elmu yaliingia Uingereza kutoka Kanada yakiwa na magome yake, na ndani ya magome kuna abiria. Kuvu mpya, mkali zaidi. Elmu zaidi ya milioni 25 zimekufa Uingereza. Milioni 25 jamani! Na elmu ile ya Kiingereza hasa ilikuwa haina ujanja, maana utafiti wa vinasaba wa 2004 ulionyesha yote ni nakala za mti mmoja ulioletwa na Warumi, imezaana kwa machipukizi ya mizizi miaka yote, kwahiyo ugonjwa ukiujua mmoja umeujua ukoo mzima.

Mtaniuliza, sasa mbona juzi umetuonyesha elmu pale njiani tukielekea dukani? Swali zuri. Elmu hazijaisha. Elmu zee ndo zimeisha. Mizizi inabaki hai inachipua, kichaka kinapanda, kinafika miaka 15, 20, gome linaanza kunenepa, na mbawakawa yule hataki vijiti, anataka gome nene. Akishaona limenenepa anakuja. Mti unaanguka, unachipua, unanenepa, unaanguka. Vijana wapo tele na hawazeeki. Na mpangaji wetu hahami kwenye nyumba isiyo na makunyanzi.

Ndo maana leo ukitaka kuiona vizuri unakuja huku kwetu, mashariki mwa Uskoti, ambako ugonjwa ulichelewa na elmu ya asili ya huku ilibaki baki. Edinburgh hii hii mnayoilalamikia baridi bado ina elmu kwa maelfu, kwasababu toka miaka ya 1970 wanakagua na kukata inayougua kabla haijaambukiza jirani. Brighton kule kusini hivyohivyo, wamekingwa na bahari na vilima na msumeno. Pale kulikuwa na elmu mbili pacha za umri wa miaka kama 400, mwaka 2019 mmoja ukapata, ukakatwa. Pacha mwingine kabaki anaangalia kisiki.

Nilisema nitalirudia la ukuta. Kuna elmu moja nilikuwa naitembelea, siwaambii ni wapi na mtaelewa kwanini. Ilikuwa na vitumbua upande wa kusini, kwenye mfereji mmoja wa gome, kutoka hapa kiunoni mpaka begani. Nilikuwa nakijua kila kipande, kuna kimoja kilikaa kama ramani ya Pemba. Mwaka juzi katikati ya kiangazi nikaona alama ya rangi kwenye shina. Mtu kapiga msalaba. Nikaandika barua, nikapiga simu, nikaambiwa tutakujulisha. Sikujulishwa. Nimekuja na mwenzangu siku ya zamu yangu ya mapumziko nakuta mti uko chini, umekatwa vipande vipande, moto unawaka pembeni. Nikalitafuta gogo langu nikalipata. Ramani ya Pemba ipo, rangi ileile, hai kabisa, haina habari kwamba mti umekufa.

Nikamuomba kijana wa msumeno, nikatie hiki kipande cha gome tu, hiki hapa, saizi ya sahani. Akaingiza bisibisi akainua ukingo wa gome akanionyesha chini yake. Vijia vya mbawakawa, vimejaa, na viwavi weupe wanajikunja. Akaniambia mama, nikikupa hiki ukienda nacho popote umeupeleka ugonjwa kwa elmu nyingine. Na alikuwa anasema kweli. Gome lenye likeni ndo gome lenye mdudu. Gome lilelile. Ili uokoe elmu zilizobaki, ambazo ndo nyumba za likeni zilizobaki, lazima uchome likeni hii hapa.

Nikasimama nikaangalia linavyoingia motoni. Sijui niliwaza nini, nadhani niliwaza visu butu vya baba.

Mnajua sheria ipo? Sheria ya wanyamapori na mashamba ya mwaka 1981 imeitaja likeni hii kwa jina, ukiibandua kwa makusudi ni kosa. Nilishangaa sana, kidoa kisichofika milimita moja kimetajwa kwenye sheria ya Bunge, mimi mwenyewe nilisubiri barua yangu ya kuishi hapa miaka mingapi? Ila sheria inamkataza mtu. Mbawakawa hana barua.

Baadhi ya likeni za elmu zilijaribu kuhamia kwa majirani. Mti wa eshi gome lake linakaribiana tabia na la elmu, na sikamo naye, huyu sikamo sio mkuyu wa Zakayo msije mkaupanda kumtafuta Yesu, ni mti mwingine uliotoka bara na Waingereza wengi bado wanausema vibaya kwamba ni mgeni. Basi watu wakapumua, wakasema eshi zitawabeba. Mwaka 2012 ugonjwa wa eshi ukaonekana Uingereza. Kuvu mwingine. Unahama kwasababu paa linavuja, unafika kwa jirani nako kunavuja.

Aliyebaki mzima ni yule mgeni.

Sasa wazee wangu nisije nikawapa picha kwamba kila likeni ni ya kulilia. Kuna nyingine ya ganda, nayo ya kwenye magome, Lecanora conizaeoides, ya kijani kijivu kama shati la mgambo, na hadithi yake imepinduka kabisa. Edinburgh zamani ilikuwa inaitwa mzee wa moshi, Auld Reekie, makaa ya mawe kila dohani. Moshi ule ulikuwa unaleta mvua ya tindikali, magome yote yakawa makali kama siki, likeni zote zikakimbia mijini. Yeye akashangilia! Akaenea kila mti wa kila mji wa Uingereza, akawa ndo likeni pekee mtoto wa mjini anaijua. Ikaja ile ukungu ya moshi ya London Desemba 1952 iliyoua watu kwa maelfu, ikaja sheria ya hewa safi 1956, makaa yakapungua mwaka hadi mwaka, na yeye akaanza kupotea. Leo unamtafuta kwa tochi. Kwahiyo ukisikia kitu kimekuwa adimu usikimbilie kulia, uliza kwanza kilikuwa kinaishi kwa nani.

Nimalizie na hili maana naona watoto wanaangalia meza ya chakula. Kuna mtu wakati wa chai kaniuliza, haya madudu yana faida gani. Wewe kaka ulisoma kemia? Karatasi ya litmasi, ile nyekundu na bluu, unadhani rangi ile inatoka wapi? Kwenye likeni. Na hapa Leith, unatembea kwa mguu kutoka ukumbi huu, mwaka 1758 daktari Cuthbert Gordon alichukua hatimiliki ya rangi ya zambarau inayotokana na likeni za ganda za kwenye mawe ya Uskoti, akaiita kwa jina la ukoo wa mama yake, Cuthbert, likageuzwa kidogo likawa cudbear, heshima hiyo. Baadaye kazi ikahamia Glasgow, wakajenga ukuta wa futi 10 kuzunguka kiwanda, wakaajiri watu wa milimani wanaoongea Kigaeli, wakawaapisha wasitoe siri. Siri yenyewe ilikuwa mikojo. Ndio! Likeni inalowekwa kwenye kitu chenye amonia, na amonia ya bei rahisi ilikuwa mikojo iliyochacha ya mji mzima. Na nyumbani nako tulikuwemo, karne ya 19 likeni ya rangi ilikuwa inavunwa kwenye miti na vichaka vya karibu na bahari kule pwani ya Afrika Mashariki, inapita Zanzibar inaingia melini kuja Ulaya. Zikaja rangi za viwandani kuanzia 1856, biashara ikafa. Kwahiyo ukoo wa wabeba boksi na likeni umekutana muda mrefu, sio mimi niliyeuanzisha.

Wanaotaka kuja na mimi, Jumamosi ya tatu ya mwezi ujao, basi la saa 3 asubuhi, viatu vya matope, sio hizo raba nyeupe. Lenzi ninazo 2 tu tutapokezana. Nitawapeleka kwenye elmu moja ambayo bado nzima, nimeikagua wiki mbili zilizopita, juu hakuna njano, vitumbua nimehesabu kwenye kiraba cha saizi ya kadi ya basi vipo 61. Hamtapiga picha yenye kuonyesha barabara. Na hakuna kukwangua, hata kwa kucha, hata kidogo, shemeji nakuangalia wewe.

Pilau imefika, naisikia harufu. Watoto njooni kwanza huku, nina kitambaa cheupe hapa nimekipaka manjano, sabuni ya kipande iko kwenye sinki. Mmoja ashike kitambaa, mmoja alowanishe, na wewe mdogo ndo upake. Taratibu. Haya, kimekuwaje?